Mjafari, ndugu wa mchungwa aliyebaki porini

Shina la mjafari uliokomaa halikumbatiki. Gome lake la kijivu limejaa vinundu, vipana chini na vilivyochongoka juu, na kila kinundu kimebeba mwiba kileleni. Ukikibonyeza kwa kucha kinabonyea, maana ni gome jepesi lililojikusanya mwaka hadi mwaka, lakini ule mwiba wa juu hauna mchezo. Matawi machanga nayo yana miiba yake, mifupi na iliyopinda, na hata kikonyo cha jani kina miiba upande wa chini. Anayechunga mbuzi kati ya Kisongo na Makuyuni hahitaji kuelezwa habari hizi. Shuka lake limeshanaswa mara nyingi.

Sasa chuma jani moja, taratibu. Limegawanyika vijani vidogo vidogo, jozi tatu hadi tano, na kimoja kimesimama peke yake mwishoni. Kifikiche kimoja kati ya vidole, unuse. Limau! Si harufu ya kubahatisha. Ni limau iliyotiwa ukali kidogo wa pilipili manga. Kisha chuma kijani kingine, usikikunje, kiinue kati ya jicho lako na jua. Utaona vitone vingi mno vinavyopitisha mwanga, vimetawanyika jani zima. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na harufu yote imo humo. Nenda kwenye mchungwa wowote, wa kwako au wa jirani, uliopo Sakina au Tengeru, ufanye vivyo hivyo kwa jani lake. Utakuta vitone vilevile.

Ukoo wao ni mmoja. Wataalamu wa mimea wanauita Rutaceae, familia ya michungwa, yenye jenasi, yaani makundi ya mimea ya karibu, zipatazo 160 na spishi, yaani aina, zaidi ya 1,600. Humo wamo mchungwa, mlimau, mndimu, mchenza na mbalungi. Umo pia ule mti wa majani ya mchuzi ambao Wahindi wa mjini wameuotesha kwenye madebe nyuma ya nyumba zao. Na umo mjafari. Ndugu hawa waliobahatika kupewa shamba, mbolea na maji ya mfereji wanajulikana na kila mtoto. Mjafari umebaki porini, unajulikana kwa wafugaji na kwa wale wanaonunua magome mjini, na kwa jinsi tunavyouvuna sasa sioni utafika wapi. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini mahali pake ni kwenye nyua zetu, na kwa sababu kila ninapoutaja kwa watu wa Arusha, wengi wanaujua kwa ulimi bila kuujua kwa macho. Wamekunywa supu yake. Mti wenyewe hawajawahi kuuona.

Jenasi yake inaitwa Zanthoxylum, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Ina spishi zaidi ya 200, nyingine vichaka, nyingine miti mikubwa ya mbao, nyingine zinatambaa, na zimeenea Afrika, Asia, Australia na Amerika. Kwa muda mrefu zile za Afrika ziliandikwa chini ya jina jingine, Fagara, na bado utalikuta jina hilo kwenye vitabu vya zamani vya miti ya Tanganyika na Kenya. Baadaye ikaonekana hakuna sababu ya kutosha ya kuzitenganisha, zikaunganishwa. Mjafari wetu wa nchi kavu ni Zanthoxylum chalybeum: kichaka au mti usiozidi sana mita 10, unaopukutisha majani kiangazi na kuchipua mvua zinapokaribia. Una ndugu wa nyanda za juu, Zanthoxylum usambarense, uliopewa jina la milima ya Usambara, unaopenda kandokando ya misitu mikavu ya milimani. Wamaasai na Waarusha wanawaita wote wawili oloisuki, na kwenye sufuria sidhani kama kuna anayewatofautisha.

Hapa nitoe sifa zinakostahili. Arusha ndiko iliko hebaria ya taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa ya nchi nzima, pale Ngaramtoni, kwenye taasisi ya utafiti wa viuatilifu ambayo wengi wetu bado tunaiita TPRI ingawa siku hizi ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mmea uliobandikwa kwenye karatasi, ukaandikwa ulikochumwa, siku uliyochumwa na nani aliuchuma, ni ushahidi usiosahau. Miaka hamsini ikipita na mti ukawa umetoweka kwenye kilima fulani, karatasi itasema ulikuwepo. Natamani wanafunzi wa sekondari zetu wapelekwe kule mara nyingi kama wanavyopelekwa hifadhini kuangalia tembo.

Maua ya mjafari hayamvutii mpiga picha. Ni madogo, ya kijani kinachoelekea njano, yanatoka kwa vishada vifupi pale majani mapya yanapoanza. Lakini nyuki wanayajua. Linalofuata ndilo zuri zaidi: tunda dogo la duara, lenye upana wa milimita tano hivi, la kahawia inayoelekea wekundu, linalopasuka lenyewe likikauka na kuacha mbegu moja nyeusi, inayong'aa sana, ikichungulia nje bila kuanguka. Mti mzima wenye matunda yaliyopasuka ni kitu cha kusimama na kutazama. Ila si kila mti utakaokuonyesha hayo. Kwa kawaida mijafari ina mume na mke: mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, mwingine ya kike tu, na ni ule wa kike unaozaa. Neno hili lina uzito wake, na nitalirudia nikifika kwenye kupanda.

Turudi mjini. Ukishuka mitaa ya karibu na Soko Kuu, au ukipita Kilombero, utawakuta kina mama wa Kimaasai wamekaa chini, wametandika viroba, mafungu ya magome na mizizi yamepangwa mbele yao pamoja na ugoro na chupa za mafuta. Mama ninayenunua kwake ni mtu mzima sana. Nikifika huwa namwambia, "Takwenya, yeyo," naye anaitika "Iko" kwa sauti ndefu, ndipo tunahamia Kiswahili. Safari moja nilimuuliza kama oloisuki yake ni ya shina au ya mzizi.

"Ya shina, mwanangu. Mzizi ni mkali kuliko huu, lakini vijana wanaochimba wanautoa mbali."

"Mbali wapi, yeyo?"

"Zamani ulikuwa hapo nyuma ya boma. Unatuma mtoto, anarudi maziwa hayajachemka. Sasa wanapanda gari."

Alisema hivyo huku anafunga fungu langu kwa kamba ya katani, bila kulalamika, kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kueleza bei ya sukari. Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Mti ambao mtoto alitumwa kuuchuma sasa unafuatwa kwa nauli.

Gome lenyewe ukilishika mkononi ni zito kuliko unavyodhani. Nje kijivu, lina makovu ya miiba iliyokatwa. Likwangue kwa kisu, ndani ni njano, njano iliyokolea kweli, na vidole vyako vitabaki na rangi. Anayejua kulipika huondoa ile ngozi kavu ya nje, akaliponda kidogo kwa jiwe au mchi ili lifunguke, akalitia kwenye sufuria ya mifupa ya mbuzi tangu maji yakiwa ya baridi. Moto usiwe mkali. Baada ya saa moja na zaidi supu inageuka rangi, mafuta yanaelea juu, na jiko zima linanuka kitu ambacho si limau tena wala si pilipili. Wengine hapo huchukua upekecho wakapekecha mpaka mafuta na supu vikashikana, ikawa nzito. Chumvi kidogo. Vitunguu na nyanya wapelekee mchuzi mwingine. Hapa havina kazi.

Fundo la kwanza ni uchungu. La pili linawasha koo na kifua kinafunguka. Halafu, ukiwa umeshaweka kikombe chini, midomo na ncha ya ulimi vinaanza kutetema, kama umelamba betri ya tochi. Wageni hushtuka. Mwenyeji anangojea hapo hapo, maana kwake supu isiyofika hapo ni maji ya mifupa tu.

Wamaasai hawakuitunga supu hii ili kuuza kando ya barabara. Ina mahali pake, na mahali pake pakubwa ni orpul, pale wanaume, hasa morani, wanapojitenga porini mbali na boma, wakachinja, wakala nyama siku kadhaa mfululizo na kunywa supu iliyochemshwa kwa mizizi na magome. Oloisuki hauendi peke yake. Kuna olkiloriti, ule mgunga ambao huchangamsha mwili, na kuna olmukutan, mkali wa minyoo. Kila mmoja una kazi na kipimo, na kipimo hicho kinajulikana na wazee. Anayeona magome yote yamechanganywa kwenye ndoo moja stendi, akauziwa kikombe na kuambiwa kinatibu kila kitu, ajue kwamba hayo si ya wazee.

Watafiti wamejiuliza miaka mingi inawezekanaje watu wanaoishi kwa maziwa, nyama na mafuta wasiwe na matatizo ya moyo ambayo lishe hiyo ingetarajiwa kuyaleta. Kutembea sana ni sehemu ya jibu. Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alielekeza macho kwenye sufuria. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu mimea ambayo Wabatemi (Wasonjo), majirani wa Wamaasai katika Wilaya ya Ngorongoro, huichanganya na vyakula vyao, wakaonyesha kwamba mingi ina saponini na fenoli, kemikali ambazo zinaweza kuzuia mafuta yasifyonzwe yote tumboni. Hoja yake ni ya heshima kwa watu wetu: kwamba magome kwenye supu ni sehemu ya mlo kamili, na anayepima nyama bila kupima magome amepima nusu.

Sasa tuvuke bahari, maana kuna jambo linanisisimua kila nikilifikiria. Ule mtetemo wa ulimi umeenea kwa ndugu wa mjafari dunia nzima, na kote watu wameupenda. Katika mkoa wa Sichuan, China, maganda makavu ya matunda ya Zanthoxylum ndiyo kiungo kikuu cha jikoni. Bila hayo chakula cha kule hakina jina. Japani wana spishi yao, Zanthoxylum piperitum, wanaita sansho: unga wa maganda hunyunyizwa juu ya mkunga wa kuchoma, na majani machanga hupamba sahani. Nepali wana timur. Wabatak wa Sumatra, Indonesia, wana andaliman. Na wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini walitafuna gome la spishi za kwao jino lilipouma, hata walowezi wakauita mti huo mti wa maumivu ya jino. Hawa watu hawakuwahi kukaa kikao kimoja. Kila mmoja alivunja kijiti kwenye pori lake, akaweka mdomoni, akagundua.

Sayansi imekuja nyuma yao. Kinachotetemesha ulimi ni kundi la kemikali ziitwazo sanshuli. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza namna inavyofanya kazi: inaziba vijia ambavyo potasiamu hupitia kwenye neva za mguso, na neva hizo zikaanza kupiga kelele bila kuguswa na chochote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, wakafanya jaribio la kupendeza. Waliwapaka watu pilipili ya Sichuan mdomoni, wakawawekea kidoleni kifaa kinachotetema, wakawauliza kasi ipi inalingana na mtetemo wa mdomo. Jibu likawa karibu mitetemo 50 kwa sekunde. Yaani kiungo cha chakula kinauambia mdomo uongo, na uongo wenyewe una namba.

Ninachotaka msomaji aone ni hiki. China inalima Zanthoxylum mashambani, ekari kwa ekari, na kuuza nje ya nchi. Japani vilevile. Wanavuna tunda na jani, na mti unabaki umesimama kuzaa mwakani. Sisi tunao ndugu yake nje ya mji, na tunamchuna ngozi.

Wala sisemi gome lisiguswe. Nasema tujue gome ni nini. Chakula ambacho majani hutengeneza kwa jua hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, lile la njano tunalolifuata. Ukichuna ukanda wa wima upande mmoja wa mti, njia nyingine zinabaki na jeraha linaweza kufunga. Ukichuna kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa kiganja tu, umekata njia zote. Juu mti utaonekana mzima kwa muda, majani yapo, pengine hata maua, lakini mizizi inashinda njaa. Msimu ukipita, umekwisha. Kuchimba mizizi ni haraka zaidi. Wanaochimba mzizi mkuu hawarudi pale kwa sababu hakuna cha kurudia. Na kwa kuwa mti wa kike na wa kiume ni tofauti, ukimuua jike mmoja kwenye korongo, madume yaliyobaki yanaweza kuchanua kila mwaka na isipatikane mbegu hata moja.

Kuna tiba pia, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Mjafari unatumika Afrika Mashariki nzima: gome na mizizi kwa homa, kifua na tumbo, kijiti kwa mswaki. Matumizi hayo si hadithi. Mwaka 1995 watafiti walichapisha kazi yao juu ya nitidini, alkaloidi (kemikali kali ya mimea) waliyoitoa kwenye Toddalia asiatica, mmea wa miiba unaotambaa, wa familia hii hii ya michungwa, ambao mizizi yake Wapokot wa Kenya huitumia kwa homa. Kwenye maabara nitidini iliua vimelea vya malaria, vikiwemo vilivyokwisha kuizoea klorokwini, dawa ya zamani ya malaria. Nitidini hiyo hiyo inapatikana pia kwenye mijafari. Lakini alkaloidi za kundi hili zinashambulia pia seli zetu, na ndiyo sababu zilishawahi kuchunguzwa kwa ajili ya saratani. Kitu chenye nguvu ya kuua kimelea hakiulizi kimelea ni nani na wewe ni nani. Homa ikikupanda Arusha, na hasa ukiwa umetoka Mto wa Mbu au Magugu, nenda ukapime malaria na upewe dawa mseto. Mjamzito asinywe magome haya. Mtoto mdogo naye asipewe. Supu ya oloisuki ni chakula cha mtu mzima mwenye afya, na kwa hilo inatosha sana.

Watu wa mkoa huu tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyojipanga kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mti wa kikombe kile ulikuwa mwingine kabisa, mtandamboo, si wa familia hii. Nautaja kwa sababu moja: tuliona kwa macho jinsi kiu ya dawa inavyoweza kulipukia mmea mmoja kwa wiki chache tu. Mtandamboo ni kichaka kilichozagaa kila mahali, kikastahimili. Mjafari ukipatwa na siku kama zile, kwa wingi ulionao sasa, sidhani kama utapona.

Basi tupande. Na ninaposema tupande nina maana ya uani, kwenye mpaka wa kiwanja, pale ambapo leo tunapanda michongoma. Miiba ya mjafari ni uzio wa kutosha kwa mbuzi na kwa mwizi. Unavumilia ukame. Hautaki mbolea ya dukani. Na kila asubuhi una majani yenye harufu ya limau karibu na jiko. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya hutia majani na matunda yake kwenye chai, na nimeshayatia kwenye yangu: vijani vichache vilivyokaushwa kivulini, maji ya moto, tangawizi kidogo. Inakuwa nyepesi, haina ule uchungu wa gome, na mtetemo wake ni wa mbali. Kwangu mimi jani ndilo mustakabali wa mti huu. Mwenye kutaka supu naye atapata gome kutoka kwenye tawi: pogoa tawi lenye unene wa kidole gumba, limenye lote, shina usiliguse. Kazi ni ile ile, ila mti hautajua hata kama umevunwa.

Kupata miche ndiyo kazi. Mbegu ile nyeusi inayong'aa ina ganda gumu lenye mafuta, na hulala muda mrefu kabla ya kuamka, zingine zisiamke kabisa. Zilizochumwa zikiwa mbichi, siku tunda linapopasuka, ndizo zenye matumaini. Zilizokaa kwenye bahasha mwaka mzima ni za kupamba meza. Zisugue na mchanga mkavu kuondoa yale mafuta, zipande nyingi kwenye kitalu chenye kivuli, mwagilia na usifukue kuchungulia. Njia nyingine ni kutafuta miche iliyojiotea chini ya mti wa kike baada ya masika, ukaihamisha na udongo wake ingali midogo. Panda zaidi ya mmoja, kwa sababu jinsia huijui mpaka uchanue, na unahitaji wote wawili ili upate matunda.

Watakuja wageni. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano mpauko, Papilio demodocus, ambaye wakulima wa michungwa hawampendi kwa sababu ya viwavi wake. Kiwavi akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na nyeupe, utadhani ndege amechafua jani, na ndivyo anavyotaka udhani. Akikua anageuka kijani. Mguse mgongoni kwa kijiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zikitoa harufu kali, kisha zitarudi ndani. Huyu hula majani ya familia hii, mchungwa na ndugu zake wa porini bila kubagua. Kwenye mlimau mmoja mchanga ni hasara. Kwenye uzio wa mijafari ana haki yake, na mti utachipua tena.

Ila udugu una upande wake mgumu, na anayelima michungwa kwa biashara lazima aujue kabla hajapanda. Wadudu na magonjwa nayo yanasoma ukoo. Marekani ilipiga marufuku kuingiza pilipili ya Sichuan kuanzia 1968 hadi 2005, kwa kuhofia ingebeba bakteria wanaotia madonda majani na matunda ya michungwa; waliporuhusu, walitaka ipashwe moto kwanza. Kwetu hofu ni nyingine. Kuna mdudu mdogo sana anayefyonza utomvu, Trioza erytreae, yule anayeacha vivimbe kwenye majani machanga ya milimau sehemu zenye baridi. Huyu ndiye anayesambaza bakteria wa ugonjwa unaoyapa majani mabaka ya njano na kuyaacha matunda madogo, yaliyopinda, yasiyoiva sawasawa. Kabla michungwa haijaletwa Afrika alikuwa akiishi kwenye ndugu zake wa porini, miti ya familia hii hii, na mjafari wa Afrika Kusini, Zanthoxylum capense, ni mmoja wa wenyeji wake wanaojulikana. Kwa hiyo mwenye bustani ya machungwa asipande mijafari kando yake. Mwenye mlimau mmoja wa familia aukague majani machanga, akiona vivimbe akate tawi na kulichoma.

Kwa wengine wote, wa Kisongo, Ngaramtoni ya chini, Usa River upande mkavu, mpaka wenzetu wa Moshi wanaoishi kule tambarare kuelekea mashamba ya miwa ya TPC ambako vihamba vya migomba vimekwisha na vumbi limeanza, hakuna kinachozuia. Ninachotafuta kwa sasa ni miti ya kike inayozaa, iliyo kwenye maeneo ya watu na yenye wenyewe wa kuilinda. Ukiwa na mmoja, tafadhali usiukate, na vinundu vyake vikianza kuwasumbua watoto vikwangue kwa panga mpaka usawa wa mtoto tu. Matunda yakigeuka kahawia funga kitambaa chepesi kwenye vishada viwili vitatu ili mbegu zisitoroke, kisha nitafute. Nitakuja nazichukue zikiwa mbichi, na nusu ya miche itakayoota ni yako.